Ree nne zilipofungwa: hesabu ya mikono adimu ya poka

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu wa hisabati, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya uwezekano, na nimeamua kuipitisha kwenye karata. Naona mzee mmoja hapa mbele amekunja uso. Mzee wangu, sikuja kufundisha kamari. Lakini tawi hili la hisabati lilichipukia hukohuko mezani: mwaka 1654 Pascal na Fermat waliandikiana barua kwa sababu ya maswali ya mcheza kamari mmoja wa Kifaransa, Chevalier de Méré. Tukiwaonea haya wazazi wa somo, tutalifundishaje?

Basi twende Las Vegas, mwaka 2008, hoteli ya Rio, kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker. Ada ya kuingia dola 10,000 kwa kichwa, na waliolipa ni watu 6,844. Mchezo ni Texas Hold'em. Kwa wasioujua: kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha mgawaji anaweka karata tano wazi katikati ya meza, ambazo ni za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika hizo saba unazoziona, mbili zako na tano za meza, unatoa tano zilizo bora. Kati ya hatua na hatua watu wanaweka pesa, na asiyetaka kuendelea anatupa karata zake na kukaa pembeni.

Mkono usioshindika unaitwa roya flashi: ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za aina moja, iwe kopa, uru, shupaza au pau. Ree nne pamoja ni mkono ambao mchezaji anaweza kuucheza maisha yake yote asiuone ukifungwa.

Mabuchi, Mjapani, jina lake la kwanza Motoyuki, ameshika ree mbili. Mbele yake yuko Justin Phillips, ameshika mfalme na ghulamu, zote za uru. Mezani zimeshuka ree, malkia wa uru na tisa; ya nne ikawa kumi ya uru. Tusimame hapo kwanza, maana wengi wanaosimulia kisa hiki wanaruka hatua hii. Phillips tayari ana mfululizo wa kumi mpaka ree. Mabuchi ana ree tatu, na mfululizo unazifunga ree tatu. Kwa hiyo Mabuchi yuko nyuma na hajui. Karata ambazo hazijaonekana, ukiondoa nne za siri na nne za mezani, ni 44. Anayoiombea zaidi Mabuchi ni moja tu, ree ya mwisho. Anayoiombea zaidi Phillips ni moja tu, ree ya uru. Na ni karata ileile.

Ikashuka. Mabuchi akawa na ree nne, Phillips akawa na roya flashi. Pesa zote zikaingia, na Mabuchi akatoka mashindanoni. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Kituo cha ESPN kilichorusha mchezo huo kiliwaambia watazamaji kwamba tukio la namna hiyo hutokea mara moja katika bilioni 2.7. Takwimu hiyo ikazunguka dunia na bado inazunguka. Leo nataka tuikague kama tunavyokagua daftari la mwanafunzi: jibu tumeliona, sasa atuonyeshe njia.

Njia yenyewe si ngumu kuipata. Karata tano kutoka katika 52 zinaweza kuchaguliwa kwa njia 2,598,960. Roya flashi ziko nne tu, moja kwa kila aina, kwa hiyo ni mara moja katika 649,740. Karata nne zinazofanana: namba 13, na kwa kila namba karata ya tano yoyote kati ya 48, jumla 624, yaani mara moja katika 4,165. Zidisha 649,740 kwa 4,165. Unapata 2,706,167,100. Hizo ndizo bilioni 2.7, hazikosi hata senti. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana mwanafunzi kuzidisha alijua vizuri. Tatizo ni kwamba alijibu swali la mchezo mwingine.

Tuanze na karata ngapi. Hesabu ile ni ya mtu anayepewa karata tano, basi. Lakini Phillips alikuwa anachagua katika saba. Walimu, hapa pana kitu kizuri cha kuwapa watoto ubaoni. Katika karata saba kuna njia 21 za kutoa tano. Gawanya 649,740 kwa 21: unapata 30,940 kamili, bila baki, na hiyo ndiyo nafasi halisi ya roya flashi katika karata saba. Kwa karata nne zinazofanana, katika saba kuna njia 35 za kutoa nne, wakati katika tano kuna njia 5. Ni mara saba zaidi. Gawanya 4,165 kwa 7: 595, kamili tena. Kwa mwanafunzi anayedhani hisabati ni mkusanyiko wa kanuni za kukariri, mgawanyo huo mmoja unafanya kazi kuliko kurasa kumi za kitabu.

Sasa 30,940 mara 595 ni 18,409,300. Na kwa kuwa hatukusema ni nani kati ya wawili awe na roya na nani awe na nne, tunagawanya kwa mbili: kama milioni 9.2. Kutoka bilioni 2.7 tumeshuka hadi milioni 9.2 kwa kuhesabu karata tu!

Hapo ndipo wakosoaji wengi wanaposhangilia na kufunga daftari. Wanaongeza kwamba, isitoshe, karata za mezani ni za wote wawili, kwa hiyo mikono miwili mikubwa hujitokeza pamoja kirahisi zaidi. Inasikika vizuri, ila kwa mikono hii si kweli, na ndiyo sababu nilitaka tuhesabu wenyewe, tusitegemee hisia.

Tuchukue ree nne dhidi ya roya, kama ya Mabuchi. Jambo la kwanza: ree ya ile aina ya roya inahitajiwa na wote wawili. Haiwezi kuwa mkononi mwa yeyote. Lazima iwe mezani. Ukishaliona hilo, njia zinabaki tatu.

Ya kwanza ni ya Mabuchi mwenyewe. Mwenye roya ameshika karata mbili kati ya mfalme, malkia, ghulamu na kumi, jambo linalowezekana kwa njia sita. Mwenye ree ameshika mbili kati ya ree tatu zilizobaki, njia tatu. Mezani kuna ree mbili na karata mbili za roya, na ya tano yoyote kati ya 44. Aina ziko nne. Nne mara sita mara tatu mara 44: 3,168.

Ya pili, mwenye roya anatumia karata yake moja tu, na ile nyingine ni garasa lolote kati ya 44. Meza imebeba karata nne za roya pamoja na ree moja ya pembeni. Nne mara nne mara tatu mara 44: 2,112.

Ya tatu, mwenye ree ndiye anayetumia moja, na garasa liko kwake. Meza ina ree tatu. Hesabu inarudi 3,168.

Jumla 8,448. Mara mbili, kwa kuwa yeyote kati ya hao wawili anaweza kuwa mwenye roya: 16,896. Na njia zote za kugawia watu wawili karata mbilimbili na meza karata tano ni 2,781,381,002,400. Gawanya: mara moja katika milioni 164.6. Ukifanya hivyohivyo kwa karata nne zozote zinazofanana, wafalme na malkia, ghulamu na kumi wanatoa 8,448 kila mmoja kama ree, na namba kuanzia mbili hadi tisa zinatoa 1,920 kwa pamoja. Jumla 44,160, mara mbili 88,320. Mara moja katika milioni 31.5.

Linganisheni hiyo na milioni 9.2 ya kuzidisha kienyeji. Kumbe tukio ni adimu mara tatu na zaidi, si rahisi zaidi. Kisa ni nafasi. Mara nyingi roya inameza karata tatu za mezani, zinabaki mbili tu, na mwenye nne naye anazitaka hizohizo. Meza ni ya wote, lakini ina viti vitano, na wageni wakubwa wawili wanagombania.

Kwa hiyo ESPN walikosea kwa upande mmoja na wakosoaji wao wakakosea kwa upande mwingine. Mimi nawasamehe zaidi ESPN. Wao walikuwa na dakika chache za matangazo.

Lakini hata hiyo milioni 164.6 ni ya nani? Ni ya watu wawili niliowataja kabla karata hazijachangwa: wewe na wewe. Nani alimtaja Mabuchi na Phillips kabla? Hakuna. Mezani wanakaa watu tisa, na tisa wanatoa jozi 36 za watu. Gawanya kwa 36: ree nne dhidi ya roya inakuwa mara moja katika milioni 4.6, na nne zozote dhidi ya roya mara moja katika 875,000.

Na je, ni meza moja? Watu 6,844 ni kama meza 760. Meza moja inamaliza migao kama 30 kwa saa. Tuseme saa kumi za siku ya kwanza ya kila mchezaji: tunapata migao kama 228,000, kabla hata mashindano hayajachanganya. Ni makadirio yangu ya kalamu na bahasha, watu wanatolewa na meza zinapungua, lakini ukubwa wake ndio huo. Laki mbili na ushee dhidi ya 875,000. Kwa siku hizo za mwanzo peke yake, nafasi ya tukio la namna hiyo kutokea mahali fulani ukumbini ni kama moja kwa tano.

Nasikia mnong'ono upande wa kushoto. Ndiyo, mwalimu, uko sawa: watu wanatupa karata. Hesabu zangu zote zimechukulia kwamba wote tisa wanakaa mpaka karata ya mwisho, na hakuna meza ya namna hiyo duniani. Mtu mwenye saba ya pau na kumi ya uru anajitoa mapema, kisha anatazama roya ambayo ingekuwa yake ikijengeka mezani. Kwa hiyo ukweli ni adimu kuliko 875,000. Adimu mara ngapi? Inategemea watu, si karata. Mwenye ree mbili hatupi. Mwenye mfalme na ghulamu wa uru, kuna atakayecheza na kuna atakayejitoa. Kugawa karata kuna kanuni, uoga wa mtu hauna. Punguza mara tano, punguza mara ishirini, upendavyo, bilioni 2.7 hutaifikia.

Ushahidi? Agosti 2022, Rivers Casino, Pittsburgh, Pennsylvania: ree nne zikafungwa na roya flashi. Mkono uleule. Kasino hiyo ilikuwa na jakpoti maalumu kwa ajili ya anayeshindwa akiwa na mkono mkubwa kupita kiasi. Nyingi za namna hii hujazwa kwa kukata dola moja hivi kwenye pesa za mezani, mgao hadi mgao. Ilikuwa imefika zaidi ya dola milioni 1.2. Aliyeshindwa akachukua karibu dola 493,000. Mshindi mwenye roya karibu 370,000. Waliobaki mezani, ambao kazi yao ilikuwa kukaa na kutazama, wakagawana zilizobaki. Ni mahali pachache ambapo mtu anafungwa na anaondoka na pesa nyingi kuliko aliyemfunga.

Kasino zikiweka jakpoti kama hiyo haziulizi televisheni. Zinahesabu kila neno la sharti. Sharti la kawaida ni kwamba wote wawili watumie karata zao zote mbili za siri. Rudi kwenye njia zetu tatu: sharti hilo linafuta ya pili na ya tatu, inabaki 3,168 mara mbili. Milioni 164.6 inaruka hadi milioni 439 kwa watu wawili waliotajwa. Sentensi moja kwenye bango ukutani imeifanya bahati kuwa adimu karibu mara tatu.

Kisa kingine nakitaja kwa sababu hesabu yake ni tamu. Mwaka 2014, hukohuko Las Vegas, kulikuwa na shindano la ada ya dola milioni moja kwa mtu, Big One for One Drop. Connor Drinan ana ree mbili. Cary Katz naye ana ree mbili. Watu wawili waliotajwa kugawana ree zote nne: karata zao nne lazima ziwe ree nne, basi, na nne katika 52 huchaguliwa kwa njia 270,725. Ndilo jibu lote. Kwa meza ya watu tisa ni mara moja katika 7,520, yaani kama saa 250 za kucheza. Si ajabu hata kidogo. Mgawaji wa kasino ataliona tena na tena.

Kwa kawaida hapo watu wanagawana pesa na kutaniana. Ila zikishuka mezani karata nne za aina moja, mwenye ree ya aina hiyo anashinda peke yake. Kila mmoja ana nafasi ya asilimia 2.17 hivi ya kufanyiwa hisani hiyo. Kopa zikashuka nne, ree ya kopa ilikuwa kwa Katz, na Drinan akatolewa katika mchezo wa dola milioni akiwa na karata mbili bora kuliko zote zilizopo. Ukiunganisha, ree mbili kufungwa na ree mbili kwenye meza ya tisa ni kama mara moja katika 173,000. Uso wa Drinan pale ungeweza kumfundisha mtu yeyote tofauti ya asilimia 2.17 na sifuri.

Vijana mliokaa nyuma, msijifanye haya hayawahusu. Nawajua wenye mikeka kwenye simu. Mkeka ni kuzidisha: odi ya mechi hii mara odi ya mechi ile mara odi ya mechi nyingine, na namba inayotoka inavimba kama ya ESPN. Kuzidisha huko kunaruhusiwa kwa sababu mechi ya Manchester haijui kinachoendelea Madrid. Sasa jaribu kuchanganya mechi moja: timu ya nyumbani ishinde, na mshambuliaji wake afunge. Mkeka wa kawaida utakukatalia, au utapewa odi yake maalumu, ndogo kuliko zao la hizo mbili. Wenye kampuni wanajua kwamba mshambuliaji akifunga, ushindi nao umesogea. Kwenye mpira matukio hayo mawili yanasukumana mbele. Kwenye meza ya Mabuchi yalikuwa yanagombania viti. Kote kuwili kuzidisha ni kosa, na huwezi kujua kosa limeegemea wapi mpaka ukae uhesabu. Jambo hilo kwenye vitabu vyetu vya sekondari linapewa mistari miwili, "matukio huru" na "matukio yasiyo huru", kisha mfano wa mipira myekundu na mieusi kwenye mfuko. Nimeichoka ile mipira. Hakuna mtoto aliyewahi kuililia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kazi ya nyumbani, na walimu nanyi mmo: watu wawili waliotajwa, wote wana karata nne zinazofanana, huyu namba yake na yule namba yake, labda wafalme wanne dhidi ya saba nne. Njia ziko tatu tena, na ile 44 itawarudia kila mara. Mkifika 576,576 mko sawa, na jibu ni mara moja katika milioni 4.8. Ila msiizidishe mara mbili kama tulivyofanya kwa roya. Kwa nini msiizidishe, hilo ndilo swali lenyewe. Nitapita kuwauliza wakati wa chai.